Kompyuta kuukuu chini ya mlima Wanale

Wengi mmetuuliza inbox kwa nini tulikaa Mbale siku tisa wakati tuliaga kwamba tunaenda siku tatu. Wengine wameuliza kwa nini kompyuta zimekuja 16 na si 31 kama tulivyotangaza hapa. Haya ndiyo majibu. Na kwa vile kila mara tukisema "Linux" kuna mtu anadhani ni aina ya simu ya Kichina, tumeona tuandike na historia yake, maana bila historia hiyo hamtaelewa tulichogombania kule Wanale.

Tuanze na chumba chetu. Mnakijua kile cha nyuma ya ukumbi, chenye mlango wa mabati. Miaka kadhaa iliyopita zililetwa kompyuta pale, zikapigwa picha na sisi tukapigwa picha nazo, watoto wakaimba. Baada ya miezi minne hakuna hata moja iliyokuwa inawaka. Waliozileta hatutawataja, hawapo tena na hawakuwa na nia mbaya. Ila chumba kilijaa vyuma, na kila mgeni aliyekuja akitaka kutusaidia aliambiwa "vijana wana kompyuta tayari". Kwa hiyo mwaka 2025 tuliposikia kuna mtu Mbale anasafisha stoo na anatoa kompyuta za mezani 31 bure, furaha ilikuja pamoja na uoga. Tulichanga miezi saba, ikafika shilingi 850,000. Basi tukapanda gari Novemba, Hoima hadi Kampala, Kampala hadi Jinja, tukavuka daraja la Nile, tukapita Iganga na barabara ya Tirinyi, mpaka Mbale.

Ambao hamjafika: Wanale ni mlima ulioegemea mji wa Mbale kama ukuta. Ni kama mguu wa mlima Elgon ulionyooshwa mpaka mjini. Ukisimama barabarani ukiinua macho unaona maporomoko ya maji yanashuka kwenye mwamba kama nyuzi nyeupe, hasa baada ya mvua. Maji hayo ndiyo yanayokwenda kwenye mito ya mjini, na mnakumbuka mwisho wa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku ikaua watu zaidi ya 20. Stoo yenyewe ilikuwa chini ya mlima upande huo. Kompyuta za safu ya chini zilikuwa na mstari wa matope uliokauka, na fundi aliyetupokea alitwambia tusihangaike nazo, tuziweke pembeni. Hizo zilikuwa nne. Huo ndio uchunguzi wetu wa kwanza, na haukuhitaji bisibisi.

Sasa historia.

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU. Wazo lake ni kwamba programu inayoendesha kompyuta yako uwe na haki ya kuifungua, kuisoma, kuibadilisha na kumpa jirani. Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatangaza kwamba anatengeneza kiini cha mfumo kwa ajili ya mashine yake yenye prosesa ya 386. Aliandika kwamba ni kitu cha kujifurahisha tu, hakitakuwa kikubwa. Vitu hivi viwili vikaungana, ndiyo tunayoiita Linux. Mwaka 1993 Ian Murdock akaanzisha Debian, mkusanyiko wa programu hizo zote unaotunzwa na watu wa kujitolea, mpaka leo. Watu wa kujitolea kama sisi, tofauti ni kwamba wao hawaulizwi kitambulisho getini.

Kwa Afrika mlango ulifunguka zaidi mwaka 2004. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyepata pesa nyingi kwa kuuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 na kwenda angani mwaka 2002, alichukua Debian akatengeneza Ubuntu juu yake. Warundi na Wanyarwanda kati yetu hucheka wakisikia jina hilo, kwa sababu kwao "ku buntu" maana yake ni bure. Baganda nao wana "obuntubulamu", utu. Jina moja linabeba yote mawili. Na kweli ilikuwa bure hadi posta: ukijaza fomu kwenye intaneti, unatumiwa CD nyumbani bila kulipa hata senti. Huduma hiyo waliifunga Aprili 2011. Fundi wetu wa Mbale bado anazo CD mbili za aina hiyo kwenye droo yake, zile zenye picha ya watu wameshikana mikono, na hataki kuzitupa.

Mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, kupitia mradi wa Kilinux. Yaani miaka zaidi ya 20 iliyopita kuna watu walikaa wakabishana "file" iitweje kwa lugha yetu. Tunalisema hili kwa sababu kuna ndugu humu group aliandika kwamba kompyuta ni kitu cha Kiingereza.

Upande wa vyuma nao una hadithi yake. Ofisi za Ulaya zikibadilisha kompyuta, zile za zamani lazima ziende mahali. Mashirika kama Computer Aid la London yakaanza kuzikusanya, kuzifuta na kuzituma Afrika. Nairobi ikaanzishwa Computers for Schools Kenya mwaka 2002. Mwaka 2005 Dublin ikaanza Camara, waliokuwa wanaweka Ubuntu na programu za masomo kabla ya kusafirisha, na wakawa na kituo Mombasa. Kulikuwa na kazi nzuri sana pale. Lakini pamoja na mizigo mizuri iliingia na takataka, kontena zima la vitu visivyowaka, kwa sababu kutupa kompyuta Ulaya kunalipiwa na kuipakia melini ni nafuu. Uganda ilichoka. Sheria ya fedha ya 2009 ilikataza kuingiza friji, televisheni na kompyuta zilizotumika. Watu wa shule walilia, maana ndizo walizokuwa wanazimudu. Na tangu tarehe 1 Januari 2025 mkataba wa Basel unadai nchi inayopokea taka za umeme ikubali kwanza kabla hazijapakiwa, hata zile zisizo na sumu. Kwa hiyo swali la "hiki ni msaada au ni taka?" lina umri kuliko baadhi yetu.

Hapa kuna kipande ambacho sisi wenyewe hatukukijua mpaka safari hii, na kinatuhusu moja kwa moja. Kaskazini mwa Uganda, wakati wa vita vya LRA, watu zaidi ya milioni moja na nusu waliishi kambini ndani ya nchi yao wenyewe. Kambi kubwa kabisa iliitwa Pabbo. Mwaka 2007 jimbo kuu katoliki la Gulu, kwa mradi unaoitwa BOSCO, lilipeleka kompyuta kwenye kambi hizo. Hakukuwa na umeme wa gridi. Walitumia mashine ndogo za Inveneo, zinazokula umeme kidogo, zinaendeshwa kwa Linux, betri na sola, zimeunganishwa kwa WiFi ya masafa marefu kutoka mnara hadi mnara. Mtu wa Pabbo akawa anaweza kuandika barua na kumpigia mtu wa kambi nyingine bila kutembea kwenye barabara yenye hatari. Mwaka 2011 UNICEF Uganda nao wakatengeneza kompyuta ndani ya mapipa ya mafuta, mapipa yale ya chuma tunayochotea maji, na jarida la TIME likaiweka kwenye orodha ya uvumbuzi bora wa mwaka huo.

Tulipolisoma hili tulinyamaza kidogo. Sisi tulidhani ndio wa kwanza. Kumbe watu wa kambi walishawahi kukaa mbele ya Linux tukiwa bado tunajifunza kufunga kamba za viatu, na kilichowasaidia ni hesabu ya wati. Kompyuta ya zamani ya Pentium 4 pamoja na monita ya kioo kinene inakula wati mia na zaidi. Sola yetu mnaijua. Ile zawadi ya kwanza, za chumba cha mabati, nyingi zilikuwa za namna hiyo. Zilikuwa zinazima inverta kila mara, na kila zikizimika ghafla diski inaumia, mpaka ikafa. Hakuna aliyepiga hesabu.

Turudi stoo. Baada ya kuondoa nne za matope zikabaki 27. Fundi akatufundisha kufungua kasha na kuangalia kabla ya kuchomeka umeme. Kwenye mazabodi kuna vimnara vidogo vinavyoitwa kapasita. Kikiwa kizima kichwa chake ni bapa. Kikiwa kimevimba kama mkate au kimetoa maji ya kahawia, mashine hiyo itawaka leo na kesho itagoma. Hilo lina historia yake: kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi dunia nzima ilipata kapasita mbovu, dawa yake ya ndani ilikuwa na kasoro, na kampuni kubwa kubwa zilitumia mamilioni ya dola kubadilisha bodi. Ndiyo maana kompyuta nyingi za mtumba za miaka hiyo hufa kifo kimoja. Tano zikatoka kwa sababu hiyo. Zikabaki 22.

Hizo 22 tukazisafisha. Kufuta vumbi, kutoa RAM na kusugua meno yake kwa kifutio cha penseli (usicheke, kompyuta tatu "zilizokufa" zilifufuka kwa kifutio cha shilingi mia tano), kubadilisha dawa ya prosesa iliyokauka kama chokaa. Jioni tulikula malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Bamasaba yanayopikwa na simsim. Siku ya nne tukaanza kusakinisha.

Wengi wetu tulijua "kupiga Windows" tu, yaani ile ya flashi ya mtaani yenye namba ya kuiba na virusi juu. Hasara yake tuliijua pia. Windows XP iliachwa na wenyewe Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mwezi mmoja kabla ya safari yetu. Windows 11 inakataa kompyuta za umri huu. Halafu kuna jambo la draiva. Kwenye Windows, draiva ya kadi ya mtandao au printa huandikwa na aliyekitengeneza kifaa, na akichoka nacho, basi, na CD yake ilishapotea. Kwenye Linux draiva nyingi zimo ndani ya kiini chenyewe na zinatunzwa humo miaka na miaka. Matokeo yake ni kinyume cha tulivyotarajia: kadi za mtandao za zamani kabisa zilitambuliwa papo hapo, na kilichotusumbua ni vitu vya katikati. Kadi mbili za WiFi zilihitaji fimuwea ya mwenye kampuni, ambayo zamani Debian haikuiweka kwenye kisakinishi kwa sababu haiko huria. Ilikuwa ni kichekesho kichungu, unahitaji intaneti ili upate kitu cha kukupa intaneti. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kubadilisha hilo, na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 fimuwea zimo. Tulifaidika na kura ya watu ambao hatutawaona maishani. Mashine moja ilitoa kioo cheusi mpaka tukaongeza neno "nomodeset" kwenye mstari wa kuwashia. Nyingine ilikataa flashi kabisa, ikataka CD, na CD ilipatikana kwa shida.

Kilichotupotezea siku nzima ni kitu kidogo kuliko vyote. Kompyuta sita zilimaliza kusakinishwa vizuri, lakini zikaunganishwa kwenye simu zikakataa kila kitu. Kila tovuti eti si salama, kila sasisho eti halijafika wakati wake. Tuliilaumu Linux, tukalaumu bando, tukasakinisha upya mara mbili. Mwisho mdogo wetu mmoja akauliza kwa nini saa ya pale juu inasema mwaka 2002. Betri ya BIOS, ile duara kama sarafu, ilikuwa imekufa, kwa hiyo mashine iliamini tuko 2002 na vyeti vyote vya usalama vya mwaka 2025 ikaviona vimetoka baadaye, kama mtu anayekuletea barua ya kesho. Betri ni shilingi 3,000. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza tunachokiangalia ni saa.

Sasa ndiyo tufike kwenye ugomvi. Kati ya zile 22, kumi na tano zilikuwa na prosesa za biti 64 na saba za biti 32. Kwa kifupi, prosesa za biti 64 za namna hii zilianza mwaka 2003 kwa AMD, Intel wakafuata, na kompyuta zenye Core 2 Duo, za kuanzia 2006, zote ni biti 64. Zile saba zilikuwa nzima, safi, zinawaka haraka. Lakini dunia inaziaga. Ubuntu iliacha kutoa CD ya mezani ya biti 32 Oktoba 2017. Lubuntu, ndugu yake mwepesi, ikafuata kuanzia 2019. Debian ilivumilia zaidi ya wote, lakini Debian 13 iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Mozilla wakatangaza mwaka huohuo kwamba Firefox 144 ni ya mwisho kwa Linux ya aina hiyo. Na Linux ilizaliwa juu ya 386, biti 32! Prosesa ya 386 yenyewe ilishaondolewa kwenye kiini tangu toleo la 3.8, Februari 2013.

Kusafirisha kwa basi ni shilingi 45,000 kwa kila kompyuta na skrini yake, mpaka Hoima. Pesa yetu ilitosha 18. Nusu yetu walisema tubebe zile 15 na tatu za biti 32, kwa sababu kambini mtoto anayejifunza kuchapa haulizi biti ngapi. Tuweke Debian 12, tusiziunganishe na intaneti, zisome Wikipedia ya Kiwix kutoka seva ya chumbani. Hoja hii ilikuwa na nguvu, na bado ina nguvu. Nusu nyingine walisema chumba chetu kilishakufa mara moja kwa sababu ya kupokea kila kitu kinachowaka. Tulibishana usiku kucha, umeme ulikatika kwa radi na tuliendelea kubishana gizani. Kuna maneno yalisemwa pale ambayo tumeshaombana msamaha.

Halafu kuna aliyeleta swali ambalo hakuna aliyekuwa amelisema kwa sauti: hivi tunawafundisha watu Linux, na mtihani wa Sub ICT shuleni unafanywa kwa Word? Na kazi za mashirika zinaandika "ujuzi wa Microsoft Office"? Hatutawadanganya, hilo ni tatizo la kweli. LibreOffice inafungua faili za Word, jedwali linahesabu vilevile, lakini vitufe haviko palepale, na kijana wetu akikaa mbele ya mtihani atapoteza dakika za kutafuta. Tulikubaliana kwamba laptop mbili za ofisi zenye Windows halali zitapangiwa zamu kwa wale wa mtihani tu. Kwa wengine wote, wanaotaka kuandika barua ya maombi, kujaza fomu ya skolashipu, kusoma, kujifunza programu, Linux inatosha na haina virusi vya flashi vilivyokula CV za watu mwaka juzi.

Uamuzi wa mwisho: tulibeba 15 za biti 64, na moja tu ya biti 32, ambayo haitawashwa kwa kazi. Hiyo ni ya kufungua. Kila anayejiunga na darasa la ufundi ataivua mpaka skrubu ya mwisho na kuirudisha. Usafiri ukawa 720,000. Kwa zilizobaki tulinunua diski moja ya SSD kwa ajili ya seva, 90,000, na betri kumi za BIOS, 30,000. Elfu kumi ilikwenda kwenye bando. Kompyuta sita za biti 32 tulimwachia fundi. Amesema atatoa RAM na diski zake, na akipata kijana wa Mbale anayetaka kujifunzia atampa.

Wati tumepima safari hii. Sola ya chumba itawasha tano kwa pamoja na seva, zaidi ya hapo itazima. Kwa hiyo kutakuwa na zamu za saa mbili, asubuhi wasichana, saa sita mpaka kumi darasa, jioni wote. Majina yanaandikwa kwa dada wa mapokezi. Zile za zamani za chumba cha mabati tunazitoa Jumamosi, aje mwenye bisibisi na glavu, tunatafuta kapasita zilizovimba kwanza.